Tulikwenda Kuona Theluji

Mwezi uliopita, asubuhi ya Jumamosi, nilikuwa nachambua mchele mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Moshi, alikorudi ukubwani akaoa. Desemba anakuja Toronto na mkewe na watoto, alisema, ili watoto waione theluji. Nilifurahi mpaka nikasahau mchele. Tukapanga palepale: watafikia kwangu, hapa Kingsview Village, makoti nitayatafuta huku, maana ya kule ni ya kujishaua tu, theluji ikichelewa kuanguka mjini tutakodi gari tuifuate kaskazini. Nikamwuliza wanarudi lini, nijue kuomba ruhusa kazini.

Akasema hawarudi. Kazi ameshapata huku. Ila watoto hawajaambiwa, wala bibi yao, yaani mama wa mkewe, wanayeishi naye nyumba moja. Wote wanajua ni likizo. Na Jumapili nitakapoongea na watoto, niwasimulie theluji ilivyo tamu.

"Wewe ndiye wanakuamini, dada," akasema.

Rafiki yangu, niliusukuma mchele kando. Uongo huo naujua. Nilidanganywa nao nikiwa na miaka tisa, huyohuyo mdogo wangu akiwa bado anabebwa mgongoni.

Sisi tuliishi Marangu kwa bibi, mama wa baba, kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Theluji tulikuwa tunaiona kila mawingu yakifunguka, imekaa juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuigusa. Bibi hakuwa na habari nayo. Kibo kikionekana vizuri, kwake ni kuanika kahawa, basi. Kazi yangu ilikuwa kukata majani ya ng'ombe kando ya mfereji na kumenya ndizi za mtori. Utomvu uliniachia vidole vyeusi hata mwalimu akadhani sinawi. Nikilalamika, bibi ananiambia mwenye vidole vyeupe amelala njaa. Jikoni kwake palinuka moshi, maziwa na nyama iliyochemka, na ukilala pale ulisikia maji ya mfereji yakipita nyuma ya nyumba.

Unajua Mchaga na Desemba. Hata awe amepotelea wapi, Krismasi utamkuta nyumbani akigombania fungu lake la mbuzi. Kwa hiyo baba, ambaye alikuwa ametutangulia Toronto, alipopiga simu kusema safari hii sisi ndio tutamfuata yeye kwa likizo ya wiki tatu, bibi alinuna. Baba akaomba apewe mimi. Akaniambia theluji ya kule haiko mlimani, inaanguka mlangoni, unaichota kwa mikono kama unga. Tangu hapo sikushikika. Nilitangaza shule nzima. Mama akanikanya kwamba safari ya ng'ambo haisemwi mpaka mtu amefika, watu wana macho. Nikadhani anaogopa husuda tu.

Siku ya kuondoka bibi alinipikia mtori. Nikanywa vijiko vichache nikauacha, nikihofia gari litaniacha. Akaniambia nivae soksi, nisiwasumbue watu, na nikirudi nimweleze kama hicho kitu kina chumvi au sukari. Nilimuaga kama mtu anayetumwa dukani. Hata nyuma sikutazama, nilikuwa nagombania dirisha.

Theluji ilikuwepo, baba simnyimi haki yake. Siku za mwanzo nilicheza chini ya maghorofa ya barabara ya Dixon, tulikofikia, mpaka pua ikafa ganzi, ndege zikishuka juu ya vichwa vyetu. Kisha siku moja mama akaninunulia begi la shule. Nikamwambia begi ninalo, liko kwa bibi, na shule inakaribia kufunguliwa. Akawa anafunga na kufungua zipu ya lile begi.

"Tumekuja kukaa, mwanangu," akasema.

Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakuwahi kupanda ndege na baba yangu.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba bibi naye hakuambiwa. Shule zilipofunguliwa alifua sare yangu, akaipiga pasi ya mkaa, akaenda kumwomba mwalimu dawati langu asipewe mtu, kwa kuwa nimechelewa kidogo. Jirani ndiye aliyemfungua macho. Nilipomuuliza mama, alisema wangemwambia, bibi asingetuachia. Huenda ni kweli. Lakini mtu mzima alishindwa kumwambia mama yake ukweli, akatumia furaha ya mtoto kama chambo. Bibi alifariki mwaka wa pili, karatasi zetu za kusafiria zikiwa bado. Baba naye sasa ni marehemu, na hasira yangu kwake ninayo mpaka leo, haina pa kwenda.

Haya yote mdogo wangu anayajua, nimemsimulia mara nyingi. Nilipomkumbusha, alinijibu kwamba yeye hakumbuki kuumia, kwa hiyo na wanawe watasahau. Kweli hakumbuki. Hata sura ya bibi haijui. Hilo ndilo lililonikata maini, kwamba aliyesahau ndiye anayewachagulia wenzake cha kusahau.

Jumapili ikafika. Simu ya video aliishika mtoto wake mkubwa, wa kike, umri uleule niliokuwa nao mimi, miaka tisa. Akaniuliza, "Shangazi, theluji inauma mkononi?" Nikamwambia inauma mwanzoni, kisha unazoea. Nyuma yake nilimwona bibi yake akichagua maharage, na mdogo wangu amesimama pembeni akinitazama kwa macho ya kuomba.

"Theluji ipo, utaicheza mpaka uchoke," nikamwambia mtoto. "Lakini hamji likizo. Mnakuja kuishi. Mwulize baba yako."

Bibi yake aliacha maharage. Simu ikakatika, na sijui ni nani aliyeikata.

Wiki nzima hakuna aliyenitafuta. Nikawa nafungua picha za nyumbani alizowahi kunitumia mdogo wangu. Kihamba kimegawanywa, kahawa imeng'olewa, mfereji umekauka, na mahali pa jiko la bibi pana nyumba ya kupangisha yenye bati la bluu. Kibo chenyewe kina mabaka meusi. Theluji imebaki kidogo tu kileleni. Sina pa kumrudishia bibi jibu lake la chumvi au sukari, na sikupata hata jioni moja ya kukaa naye nikijua naondoka moja kwa moja. Wakubwa waliifahamu jioni ile ya mwisho, wakaipitisha mbele yangu kama jioni nyingine yoyote.

Mwishowe mdogo wangu akapiga, sauti kavu. Alisema mtoto amelia, mama mkwe amelia, mkewe hamsemeshi. Na sasa yule binti amehamishia godoro chumbani kwa bibi yake. Akitoka shule ni jikoni, wawili hao, wanapika na kuongea, na akiitwa haitiki.

"Umefurahi sasa?" akaniuliza.

Nikamwambia nimefurahi, na kwamba mtoto wake namwonea wivu.