Rafu Moja kwa Madirisha Mawili

Pale hospitalini walimwita Mtaalamu, na jina lenyewe alilipenda, hata kama alijifanya halitaki. Ndiye aliyeandika programu ya kompyuta za wodini. Dirisha la kwanza unachagua mgonjwa, la pili unaandika dawa yake, unabonyeza kuhifadhi, na karatasi inatoka chumba cha dawa ikiwa na jina na kitanda. Habari ya kuhangaika na mwandiko wa daktari kama kuku kaparura ikaishia hapo.

Sasa dirisha la pili litajuaje ni nani aliyechaguliwa kwenye la kwanza? Njia ya watu makini ni kukabidhiana: dirisha moja linampa mwenzake jina mkononi, na kila dirisha linabaki na la kwake. Mtaalamu, kwa uvivu tu, tusipambe maneno, aliweka mahali pamoja pa madirisha yote, mithili ya rafu ya jikoni. Dirisha la kwanza linaacha jina pale, la pili wakati wa kuhifadhi linakwenda kuchukua lolote lililopo. Ilifanya kazi vizuri tu, kwa kuwa dirisha la dawa lilifunguka moja kwa wakati.

Lakini manesi wa pale walikuwa na kanuni yao: dirisha la mgonjwa halifungwi mpaka dozi yake ikamilike kuandikwa. Nesi akiitwa kitanda kingine katikati ya kazi, anabaki amesimama anasonya, hajui afanye lipi. Wakamlilia Mtaalamu awawezeshe kufungua madirisha mawili matatu kwa pamoja. Akawafanyia, kazi ya asubuhi moja. Jumatatu walipoanza kuyatumia walimpigia makofi. Rafu wala hakuikumbuka.

Jumatano yake alikuwa wodi ya wanawake, si kikazi, bali kumwangalia mama mkwe aliyelazwa kwa kidonda cha mguu. Mkewe alikuwa kazini, zamu ikamwangukia yeye. Na mnajua kukaa na mama mkwe peke yenu kulivyo. Unachagua maneno kama unayechambua mchele. Afadhali kitanda jirani alikuwepo dada mmoja mcheshi, mgonjwa wa sukari, aliyewauliza kama wamenuniana au ndiyo heshima yenyewe.

Nesi mwenye trei akaja na karatasi yake, akasimama kwa mama mkwe. Akamwambia sindano yake ya sukari iko tayari. Mama akashangaa. Sukari tena? Tangu azaliwe hajaambiwa ana sukari. Nesi akasoma upya: jina ni lake, kitanda ni chake. Basi yule mama akacheka, akaanza kupandisha mkono wa gauni.

"Kama imetoka kwenye mashine ya mkwe wangu, choma tu, mwanangu."

Mtaalamu akageuka kuitazama kompyuta ya mezani kwa manesi. Madirisha mawili yalikuwa wazi ubavu kwa ubavu, moja limeandikwa juu jina la dada wa kitanda jirani, jingine jina la mama mkwe. Hapo ndipo alipoikumbuka rafu. Nesi wa mezani alifungua la yule dada, akaitwa, akafungua la mama mkwe, kisha akarudi kwenye la dada, akaandika sindano, akahifadhi. Macho yake yalisoma jina la dada. Rafuni lilikuwepo jina la mama mkwe, na programu ikalichukua hilo. Na dozi ile ya kushusha sukari, kwa mtu asiye na ugonjwa huo, ni ya kumlaza asiamke.

Akasema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, kwamba daktari kaagiza sindano isubiri kwanza. Uongo mtupu. Lakini aliyesema ni Mtaalamu, basi nesi akairudisha sindano kwenye trei, akaondoka kwenda kumuuliza daktari.

Mtaalamu akapiga hesabu haraka haraka: atakwenda chumbani kwake, ataitengeneza programu kimya kimya, mchana watu wakienda kula ataiweka mpya, nani atajua? Watasema nesi alikosea. Naam, alifikiri hivyo, na alijua ni uovu. Aliwaogopa polisi, akaogopa kufukuzwa, akaogopa zaidi mkewe asikie kwamba nusura amuue mama yake. Mficha maradhi kilio humfichua, hilo analijua hata mtoto, ila hofu ikishakukaba koo methali hazikusaidii kitu.

Akainuka kuaga. Mama mkwe alikuwa anamtazama muda wote.

"Daktari hakusema kitu, sivyo?"

Kumdanganya mama mkwe mara ya pili kukamshinda. Akainama, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba mashine inawachanganya wagonjwa, kwamba kosa amelijua, kwamba mchana atalirekebisha. Mama akashusha mkono wa gauni taratibu.

"Na wale wa wodi nyingine, mwanangu, ambao hawana mkwe hapa?"

Mtaalamu akatoka pale miguu ikimpeleka yenyewe hadi ofisi ya sista mkuu, mwanamke ambaye hata madaktari humpisha njia.

"Sista, simamisha sindano zote. Programu inampa mgonjwa dawa ya mwenzake. Kosa ni langu."

Hakumfokea, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alimuuliza tu tangu lini, akajibiwa tangu Jumatatu, akanyanyua simu. Wodi ya watoto walikuwa hawajaanza. Wodi ya upasuaji wakasimama hapo hapo. Wodi ya wanaume nesi akajibu kwamba wao wameshapitisha sindano zao, tena kuna mzee mmoja wa kitanda cha pembeni tangu achomwe ya sukari anatoka jasho na kuweweseka, wanadhani ni homa.

Sista mkuu akamwambia si homa, wampe sukari ya mshipani sasa hivi. Simu hakuikata. Wakasikia miguu ikikimbia, kitu kikianguka, mtu akiita babu, babu. Mtaalamu alishikilia mlango kwa mikono miwili, akiomba kimya kimya kwa maneno yasiyo na mpangilio. Muda ulipita ambao alitamani afe yeye. Kisha nesi akarudi kwenye simu akihema: mzee amefumbua macho, anauliza nani kamlowesha shati.

Mtaalamu akataka kulia. Sista mkuu akaweka simu chini, akavuta kiti, akakisukuma upande wake. Kwenye kompyuta yake alikuwa ameshafungua kumbukumbu za wagonjwa.

"Kaa," akamwambia. "Tuanze na Jumatatu. Waliofariki kwanza."