Swala wa Gunia

Magunia ya tumbaku niliyowashonea watoto wa kikundi changu cha maigizo, hapa Mpanda, yananukia vilevile kama la utotoni mwangu. Kule Inyonga, shuleni, nilivikwa gunia kama haya nikawa swala. Mwindaji aliponilenga kwa upinde wake wa kijiti nikaanguka, mama, ambaye hakuwahi kuona maigizo, alichomoka kwenye benchi la mbele akanifunika kwa kanga yake.

"Mwacheni mwanangu!"

Shule nzima ilicheka.

"Mama, toka bwana, ni maigizo tu," nilimnong'oneza, nikamsukuma.

Alirudi kukaa, akijipangusa vumbi la tumbaku mikononi.

Siku hizi, kila mtoto anapoanguka jukwaani, macho yangu hukimbilia benchi la mbele. Wazazi hupiga makofi. Hakuna anayesimama.