Mchicha wa Mwatima

Mwatima wa kisiwa cha Bwejuu hakuwa mwongo. Alikuwa na haya tu, na haya zake zilizidi vyombo vyake vya jikoni. Siku akiwa hana kitu, alibandika sufuria ya maji matupu ili majirani waone moshi.

Miaka ile ya hifadhi ya bahari, watu walipokwisha kuwazoea wageni wa kupima matumbawe, wakaja wengine wa kupima watoto. Kiongozi wao alikuwa Iqra, binti wa wenye duka mjini Kilindoni, aliyesomea lishe. Alimsimamisha Afrah, binti wa Mwatima mwenye miaka kumi na moja, kwenye ubao wa kimo, akampandisha mzani, akamzungushia utepe kiunoni. Kisha akaeleza kwamba samaki na ugali vikiliwa peke yake huuachia mwili asidi nyingi, na mboga na matunda huipunguza. Walitaka kujua kama asidi hiyo ina uhusiano na vimo na uzito wa watoto.

"Jana Afrah alikula nini, mama?"

Alikula ugali kwa ng'onda, samaki mkavu wa kila siku. Bwejuu ni mchanga mtupu na maji ya kisima yana chumvi, mchicha utaota wapi? Lakini baraza lilijaa watu, na mgeni anauliza kwako kunaliwa nini!

"Wali," akasema Mwatima. "Na mchicha. Na chungwa."

Jirani yake Kidawa, asiye na haya hata chembe, akasema lake wazi: ugali na samaki, siku zote. Watu wakacheka. Jioni Mwatima akamkalisha bintiye.

"Mwanangu, mambo ya chungu chetu hayatoki nje. Ukiulizwa, sema kama nilivyosema."

Mwaka ukapita. Wenzake Afrah walirefuka, yeye gauni la Idi lilimkaa vile vile. Kila Ijumaa Mwatima alimsimamisha mlangoni, akampima kwa shubiri, na roho ikamuuma.

Iqra aliporudi alikuja na habari. Watoto ambao chakula chao kina asidi nyingi wangeletewa mboga na matunda kwa boti kila wiki, mwaka mzima, ionekane kama vimo vitabadilika. Majina yangetokana na majibu ya siku hiyo. Mwatima akashusha pumzi. Haya na ziende zake, leo atasema.

Ubao ulionyesha Afrah ameongezeka sentimita moja.

"Safari hii, waliofika miaka kumi na miwili wanajibu wenyewe," alisema Iqra. "Jana ulikula nini, Afrah?"

"Wali," akajibu Afrah bila kusita. "Na mchicha. Na chungwa."

"Hakula!" Mwatima akaropoka. "Ugali na ng'onda! Hata mwaka jana nilikudanganya, Iqra mwanangu."

Iqra akatabasamu kwa huruma. "Mama, kila kijiji tulichopita, kina mama wakiisikia habari ya boti wanaukana mchicha. Ndiyo maana tunawauliza watoto."

"Muulize tena! Wallahi, muulize tena."

Akaulizwa tena. Afrah akamgeukia mama yake, akaona machozi yanamlengalenga mbele ya watu, akajua siri ya nyumba iko hatarini. Akajikaza.

"Na maziwa," akaongeza.

Iqra akaandika.