Majibu Yaliyonyooshwa

Fundi wa sare za shule alikuwa na miaka arobaini na mmoja alipoanza kozi ya kumwingiza chuo kikuu. Aliisoma kwa mbali, maana duka halikuwa na wa kuachiwa. Masomo aliyasikiliza kwenye simu huku cherehani ikikimbia, na majibu akayaandika kwenye daftari lake la vipimo: kifua cha mtoto wa watu ukurasa huu, uchumi ukurasa wa pili.

Kuyachapa na kuyatuma ilikuwa kazi ya mumewe, karani wa ofisi kwa miaka ishirini na mbili. Bwana yule hajawahi kuchapa barua ya bosi ikabaki ilivyokuja, lazima ainyooshe. Mabosi watano wameondolewa pale, naye kila mara hushangaa, maana barua zao zilikuwa safi.

Alama zikaja kwa ujumbe wa simu. Arobaini na tatu. Arobaini na sita. Arobaini na moja. Fundi akajilaumu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye akazidi kuinama. Mtihani wa mwisho aliufanya kwenye kituo cha kozi, yeye na kalamu yake tu. Themanini na mbili!

Furaha haikumaliza siku mbili. Kituo kikamwita.

"Mama, nani alikufanyia mtihani?" mkufunzi akamuuliza bila hata kumpa kiti.

"Mimi mwenyewe!"

"Mtu wa arobaini hapati themanini ghafla. Hebu soma ulichotutumia."

Swali liliuliza kwa nini bei hupanda. Fundi alikumbuka vizuri alichojibu: wiki ya kufungua shule wazazi humjia wote kwa pamoja, mikono yake ni miwili ileile, kwa hiyo anayetaka sare kesho hulipa zaidi. Karatasi ilisema: "Kwa heshima na taadhima, napenda kueleza kuwa bei hupanda kutokana na sababu mbalimbali zilizo nje ya uwezo wetu." Pembeni, kwa wino mwekundu: Maneno mengi, hoja hakuna.

Akapigwa na butwaa. Yule ni mumewe kabisa! Karatasi ya pili, heshima na taadhima. Ya tatu, vilevile. Mwaka mzima amefelishwa na mtu anayempenda, tena anayemchemshia chai ili asome! Alitaka kucheka, alitaka kulia. Akisema kweli, amekiri kwamba kazi zile si zake. Akinyamaza, mtihani si wake. Chuo kinamponyoka huku na huku.

Akatoa daftari la vipimo mkobani, akaeleza nani humchapia. Mkufunzi akasoma, akarudia, kisha akavuta kiti.

"Kaa. Nijibu maswali matatu hapa hapa, mbele yangu."

Akayajibu yote. Kazi za mwaka zikafutwa, azirudie kwa mwandiko wake mwenyewe. Mtihani ukabaki wake.

Nyumbani mumewe alimpokea na birika mkononi. "Wamesemaje, mama watoto?"

"Themanini na mbili ni yangu."

"Si nilijua! Tumefanya kazi mimi na wewe!"

"Baba watoto, hiyo ndiyo pekee ambayo hukuipitia."

Akamweleza yote. Tabasamu likamkauka bwana usoni.

"Nilikuwa nanyoosha tu," akasema kwa sauti ndogo. Chai ikapoa kwenye birika, naye bado amesimama palepale, akiwakumbuka mabosi watano, mmoja mmoja.