LaShongwe na Mtapo wa Juu ya Zizi

LaShongwe aliolewa milima ya Lubombo, kwa kina Mavuso, na tangu siku hiyo hakuonja maziwa ya mgando ya nyumba ile. Kwa mila yao mkazamwana hayagusi mpaka baba mkwe amtolee ng'ombe awe wake, na Mzee Mavuso kila akikumbushwa alishikwa na kikohozi. Mume yuko migodini, mama mkwe keshafariki, bomani wamebaki wawili tu, na bado anaitwa mgeni! Jina hilo lilimuuma sana.

Mzee mwenyewe alikuwa na kipenzi kimoja: mtapo, mti wa miiba ufananao na mnazi mfupi, alioupanda marehemu mkewe juu ya zizi, penye makaburi, na njia ni ya zizini tu. Ulikuwa jike, na mitapo dume wezi walikwisha kuing'oa mlima mzima. Mwaka huo ukazaa tunda kubwa la magamba. Rafiki wa mbali akamletea mzee chavua ya dume ndani ya kopo la ugoro. Magamba yalipoanza kuachana ili yapokee chavua, mzee akateleza, akavunjika mguu. Yangejifunga kabla hajasimama, na mbegu asingeziona tena maishani.

"Baba, nipe kopo niende mimi."

"Upite zizini? Mkazamwana asiye na ng'ombe humo? Unataka kutuletea balaa!"

"Balaa ni wewe kulia peke yako ukidhani sisikii."

Mzee akageukia ukutani. "Mimi nimelala. Sioni kitu."

LaShongwe akachukua kopo, akajitanda shali mabegani, akapita katikati ya ng'ombe. Kwa unyoya wa kuku akapenyeza chavua gamba kwa gamba, miiba ikimchana mikono. "Mama, usinikasirikie," akamwambia marehemu. "Nimetumwa na mumeo, ila anaona haya kusema."

Jirani akamwona, akaenda kusema. Haukupita muda, mdogo wake mzee, Velaphi, akaingia anafoka.

"Arudi kwao akalete faini! Mgeni gani anazurura zizini kwa watu?"

LaShongwe alipiga magoti mlangoni. Kurudishwa kwao ndiyo aibu aliyoiogopa kuliko zote.

Mzee akajiinua kwa kiwiko. "Yule ng'ombe mweusi ni wa nani?"

"Wako, kaka."

"Nani kakwambia? Wa huyu. Alikwenda kumtazama ng'ombe wake."

"Ulimpa lini?"

"Ulikuwepo? Basi nyamaza."

Velaphi akatafuta kofia yake. Mzee akamgeukia LaShongwe, sauti imeshuka.

"Chavua ilitosha, mwanangu?"

Hakuwahi kuitwa hivyo katika nyumba ile. Alijibu kwamba ilitosha, akajifunika uso kwa shali, akalia mbele yao wote.