Mtoto wa Pili wa Rwamba

Rwamba wa Ishiara alikuwa amezaa watu wa kila aina mbele ya kamera kabla hajaletewa mwana aliyetoka kwenye friji. Alikuwa ameshakuwa mama wa mwizi wa ng'ombe, kisha mama wa mhubiri mwongo, na katika sinema zote mbili alimshinda mwanawe kwa maneno. Sinema zenyewe zilikuwa za Mwirigi, kijana wa Meru aliyesomea chuo kule Nchiru, akamaliza, na akabaki hapohapo Nchiru kama tope linavyobaki kwenye gambuti.

Alimpata Rwamba sokoni, akiuza ndengu. Mteja mmoja alikuwa akizichambua punje kwa punje kama anayechagua mchumba, na Rwamba akamwambia vile anavyostahili kuambiwa. Mwirigi alisimama kando akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama, hayo unaweza kuyarudia mbele ya kamera?"

"Nirudie mara ngapi?"

"Mpaka betri iishe."

"Basi lete betri mbili."

Sinema ya tatu ilikuwa ya mambo ya kesho. Mwirigi alishuka Ishiara mwezi wa pili wa mwaka 2013, jua likiwaka hata nzi wanagombania kivuli, kwa kuwa alisema kesho ya dunia itafanana na Mbeere wakati wa kiangazi. Rwamba akamjibu kwamba kama ni hivyo, Wambeere wamekuwa wakiishi kesho tangu babu zao.

"Hadithi ni hii, Mama," Mwirigi alimweleza. "Kuna mwanasayansi. Anachukua unywele wa mwanao, anautia kwenye mashine, na kwenye mashine anatoka kijana mwingine vilevile. Nakala."

"Vilevile na meno?"

"Na meno. Na kumbukumbu zote."

"Na minyoo?"

"Mama Ngari, tafadhali."

Mashine ilikuwa friji ya soda iliyokufa zamani, imezungushiwa waya na taa za Krismasi. Nyuma yake kulikuwa na mkebe wa magunzi ya mahindi yanayofuka moshi, ili nakala atoke kwa utukufu. Alitoka kwa kikohozi. Kijana mwenyewe, Mutembei, rafiki wa Mwirigi wa chuoni, ndiye aliyeigiza wote wawili, mwana na nakala, maana pesa za kumleta mwigizaji wa pili hazikuwepo. Ilipobidi waonekane pamoja, Kathuri wa kinu cha unga aliosha mabega akatoa mgongo wake kwa kamera. Mwanasayansi alikuwa Thuranira, muuza dawa za mifugo, ambaye alipewa kazi hiyo kwa sababu koti jeupe lilikuwa lake. Na ili mtazamaji asipotee, nakala alivalishwa ovaroli iliyobandikwa ile karatasi ya kung'aa ya kufungia nyama. Mutembei alipita nayo sokoni mara moja tu. Ilitosha.

Mwana halisi katika sinema aliitwa Ngari. Mwirigi alikuwa ameandika jina lingine, lakini Rwamba alikataa kuita mtu "mwanangu" kwa jina lisilo la nyumba yake. Ngari ndiye mwanawe wa kumzaa, karani kule Embu mjini. Mwirigi akaona hilo ni jambo dogo, akafuta, akaandika Ngari. Hakujua amefungua mlango gani.

Kwa maana kwa Wambeere jina haliokotwi. Mwana wa kwanza huitwa jina la baba ya mume. Wa pili, la baba ya mke. Hilo halijadiliwi, kama vile maji yasivyojadiliana na mteremko. Mtoto akipewa jina, yule mzee amerudi, na mama mtu humwita mtoto wake "baba" bila kucheka.

Sasa, baba yake Rwamba, Mzee Gichovi, alizaa wasichana watatu na hakuzaa mvulana. Wenzake walimsukuma aongeze mke. Akasema mwanamke mmoja anamtosha kumkemea. Akawasomesha wasichana wake mpaka darasa la saba, watu wakimcheka kwamba anamwagilia bustani ya jirani. Wa kwanza, Felicitas, akawa mtawa. Wa pili, Igoki, akazaa wasichana watano wamepangana kama ngazi. Jina la mzee likabaki linamngoja Rwamba. Rwamba akamzaa Ngari, akawapa upande wa mumewe haki yao, na akiwa angali kitandani hospitalini madaktari wakamwambia kwamba ili yeye apone, ilibidi kizazi kitolewe. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Mzee hakumlaumu hata siku moja. Hiyo ndiyo iliyouma. Mtu ambaye jina lake halirudi ni kama aliyetoka nyumbani na hakuna anayemuulizia. Rwamba alikuwa na jibu la kila kitu duniani, lakini alipoalikwa kula kwa mwenzake aliyepata mvulana wa pili, alipeleka zawadi yake, akakaa kidogo, akasema ameacha moto jikoni.

Nyumbani kwa mzee ndipo walipopigia sinema, kwa sababu ua wake ulikuwa mpana na yeye hakuwafukuza. Alikuwa anakaribia miaka tisini. Aliketi mlangoni kwake akitazama zile waya.

Siku ya nakala kurudi nyumbani, Mwirigi alimpa Rwamba ukurasa wake. Aliwapa watu kurasa zao tu, ili kuokoa karatasi. Ukurasa ulisema: nakala anafika langoni, mama anamwona, mama anachukua mchi na kumfukuza akipiga kelele, "Wewe si mwanangu!"

Kamera ikawashwa. Mutembei akaja, anang'aa kama sufuria mpya, akasimama langoni. "Mama," akasema, "unakumbuka ulivyonibeba mgongoni kwenda Siakago kupigwa sindano, nikakutapikia shingoni?"

Rwamba aliushika mchi. Akamtazama. Akauweka chini.

"Simama!" Mwirigi alipiga kelele. "Mama, mchi."

"Mchi wa nini? Ana sura ya mwanangu?"

"Ndiyo, lakini..."

"Damu ya mwanangu?"

"Ndiyo, ila ni nakala..."

"Na anakumbuka alivyonitapikia. Sasa mimi nimfukuze nikamtafute nani? Washa mashine yako."

Mwirigi akaiwasha, akijua kwamba kubishana kunamaliza betri kuliko kurekodi. Rwamba akaenda langoni, akamshika kijana mkono, akamwingiza uani.

"Mmoja alitangulia," akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu, si ile ya sokoni. "Huyo ni Ngari. Wewe ni wa pili. Wa pili ana jina lake tayari, lilikuwa linakungoja. Wewe ni Gichovi. Karibu, baba."

Mlangoni, mzee aliinua kichwa. Masikio yake yalikuwa yamechoka, lakini hakuna sikio linalochoka jina lake.

"Nani ameitwa?" akauliza.

"Ni wewe, Baba," Rwamba alisema, kamera ingali inazunguka. "Umeitwa."

Mzee akamtazama yule kijana kutoka viatu hadi nywele, bila haraka. "Mbona anang'aa hivi?"

"Ametoka mbali."

"Haya," mzee alisema. "Apewe uji."

Mwirigi alikubali ile picha ibaki. Aliitazama tena kwenye kompyuta yake ndogo, akaona kwamba kwa mara ya kwanza hata yeye mwenyewe anajua yupi ni yupi bila kuangalia ovaroli. Jioni hiyo mzee aliomba wembe, na koti lake la kanisani litolewe sandukuni.

Asubuhi iliyofuata Rwamba alifika mapema, akamkuta Mutembei anakula viazi vitamu.

"Leo nakufa, Mama," Mutembei akasema, mdomo umejaa.

"Unakufaje?"

"Mwanasayansi ananifuata hapa, ananipiga risasi. Nafia langoni. Iko ukurasa wa mwisho."

Rwamba alimgeukia Mwirigi, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi ya kufuta lenzi.

"Nani anakufa?"

"Nakala, Mama. Sinema za namna hii lazima afe. Wawili hawawezi kubaki."

"Nani alisema?"

"Zote ziko hivyo. Watu watauliza, sasa wa kweli ni nani?"

"Waambie ni wote wawili. Wewe ulizaliwa wa ngapi?"

"Wa nne."

"Na hao watatu, ni nani aliyewapiga risasi ili wewe uwe wa kweli?"

Kathuri alicheka mpaka mgongo wake wa kukodishwa ukatikisika. Mwirigi hakucheka. "Basi afe Ngari, nakala abaki."

"Ngari ni mwanangu, na ni baba ya mume wangu. Jaribu."

"Mama, hii ni sinema tu! Kwetu Meru jina mtu huchagua, likiwa zuri."

Rwamba akamsogelea, akashusha sauti. "Mwirigi. Yule pale ndani amengoja jina hilo miaka thelathini na minne. Jana amelisikia. Leo amenyoa ndevu. Sasa wewe unataka mimi niende nimwambie kwamba limepigwa risasi langoni kwake? Tafuta mama mwingine."

"Nitampata wapi, na umeshaonekana nusu ya sinema?"

"Mtoe kwenye friji."

Akaketi kwenye jiwe la kunolea visu, mikono kifuani. Mwirigi alimtazama, akatazama mlango wa mzee, akatazama jua linalopanda na kuharibu mwanga wake. Alikuwa mbishi, lakini hakuwa mjinga, na alikuwa na babu kule Meru.

"Thuranira bado anakuja," akasema mwishowe. "Lazima aje. Ukishindwa kumzuia, mimi sijui."

"Mwache aje."

Thuranira akaja na koti lake jeupe, na bastola ya mbao. Alikuwa na neno moja la kusema, naye alilisema vizuri. "Huyo ni mali yangu! Mimi ndiye niliyemtengeneza!"

"Umetengeneza mwili," Rwamba akasema, akisimama katikati ya lango. "Wengi wanaweza, hata walevi. Jina ulimpa?"

Thuranira hakuwa na ukurasa wa jambo hilo. Akakuna kichwa. "Nilimpa namba."

"Namba ngapi?"

"Saba."

"Chukua saba yako uende nayo. Huyu ni Gichovi. Amekula hapa, amelala hapa, na baba yangu amemwona. Na hicho kijiti kishushe, utajitoboa jicho."

Thuranira akakishusha. Si kwa kuigiza. Akarudi nyuma hatua mbili, kisha akageuka akaondoka kabisa, mpaka dukani kwake, na Mwirigi hakumwita. Alikuwa ameinama juu ya kamera anafuata lile koti jeupe likipungua kwenye vumbi.

Ndipo mzee alipotoka, amevaa koti la kanisani. Alipita mbele ya kamera kama mtu anayepita mbele ya ukuta, akasimama karibu na Mutembei, akamshika bega. Ile karatasi ya nyama ikalia.

"Baba," Rwamba alisema, "ujue huyu ni Mmeru, na hii ni..."

"Najua ni nini. Mimi si mtoto." Mzee alimkagua kijana uso kwa karibu. "Huyu ni mimi. Amechelewa tu kufika."

Mutembei, ambaye chuoni alikuwa na maneno kuliko redio, akaitika kwa kichwa tu.

Mzee akatazama nyuma ya kijana, kwenye turubai ambapo ndengu za Rwamba za mwaka mzima zilikuwa zimeanikwa.

"Gichovi!" akapaza sauti, na hakuna aliyewahi kumsikia akiita jina hilo, maana nani hujiita mwenyewe? "Unasimama tu hapo, na mbuzi wameingia kwenye ndengu za mama yako? Kimbia!"

Mutembei akakimbia, anang'aa, anapiga makofi na kutoa sauti za Kimeru ambazo mbuzi wa Mbeere hawakuzielewa ila waliziheshimu. Mwirigi akamfuata kwa kamera mpaka betri ikaisha, na hapo ndipo sinema yake inapokwisha.