Picha Iliyomfuata Baba Mkwe

Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa nilimjua baba mkwe wangu kwa kikohozi na kwa buti zake za mvua. Nikisikia kikohozi kwenye njia ya kutoka shambani, naingia migombani, nageuza mgongo, nasubiri apite. Ndivyo mila yetu Wanyakyusa inavyotaka: mke hakutani uso kwa uso na baba wa mume wake. Wenzangu wa mjini Tukuyu hunicheka, na hata kanisani wengi wameshaacha. Mimi niliishika kwa sababu mama mkwe aliishika, na kwa sababu, niseme ukweli, nina kichwa kigumu. Ila jambo moja lilinikaa moyoni siku zote. Mtu ambaye hajawahi kunisemesha hata neno, ningejuaje kama ananipenda?

Kazi yangu ni kutengeneza kurasa za mtandaoni, katika chumba kimoja hapa Bagamoyo, mtaa wa Tukuyu, jirani na fundi cherehani. Mume wangu aliponiomba ukurasa wa kahawa ya baba yake kule kijijini Masoko, nilijua nimepata nafasi ya kumheshimu mzee kwa kitu ninachokiweza. Picha yake niliiweka juu kabisa. Nilipokuwa naipanga nilibandika kipande cha karatasi kwenye kioo cha kompyuta, nifunike uso wake. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Picha yangu niliiweka mwisho kabisa, maana mimi ndiye ninayejibu ujumbe wa wateja. Kati yetu nikajaza mibuni, migomba na ziwa, ili anayetoka kwake kuja kwangu avute kwa kidole mpaka achoke. Nikajipongeza kweli kweli.

Kosa langu ni kwamba niliujaribu ukurasa kwenye kompyuta yangu tu, tena mimi ninayewagombeza wengine kwa uvivu huo. Kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, kila kimoja kina tabia yake. Kinachotulia kwenye kimoja, kwenye kingine kinarukaruka. Na simu ya mzee ilikuwa ya zamani, na kivinjari chake hakijaguswa tangu inunuliwe.

Jumapili tukaenda Masoko. Mimi nikabaki jiko la nje kama kawaida, mume wangu akaingia sebuleni kumfungulia baba yake ukurasa. Nikasikia wanaongea. Mume wangu akatoka akijikuna kichwa.

"Picha yako haibaki chini," akanong'ona. "Imeganda kwenye kioo. Baba akishuka, ipo. Akipanda, ipo. Imeikalia picha yake hadi kidevuni."

"Amesemaje?"

"Hajasema kitu. Ameilaza simu kifudifudi mezani, akaifunika kwa kofia."

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote ile ya kuruka vichakani, halafu naenda kumkalia mzee wa watu usoni, simuachi hata akinikimbia! Tuliondoka kabla ya chakula. Njia nzima nililia, na mume wangu aliponiambia ni picha tu, nilimnunia.

Jumatatu niliazima simu zote kuukuu za majirani, nikaanza kurekebisha. Hadi Jumatano mchana kila mtu alikuwa amekaa mahali pake, mzee juu, mimi chini, kwenye kila kivinjari nilichokipata.

Ijumaa mama mkwe akapiga.

"Ndaga, mwanangu," akanisalimu kwa Kinyakyusa. "Mzee anauliza, simu yake imekuwaje? Picha yako haionekani tena."

"Nimerekebisha, mama. Mwambie anisamehe sana."

"Akusamehe nini? Siku ile alifunika kwa kuwa ulikuwa hapo jikoni. Mlipoondoka tu akafunua. Asubuhi zote tatu amekunywa chai anakutazama. Anasema miaka yote hii hakuwa anamjua mama wa wajukuu zake. Anasema umekonda, niwe nakuletea maziwa."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Sasa anavuta kwa kidole, anavuta, anachoka akiwa bado kwenye migomba," akaendelea. "Nikamwambia mila je? Akasema picha haikutani na mtu njiani. Anataka urudi pale ulipokuwa."

Nilifunga mlango wa chumba changu nikalia kwa raha, mpaka fundi cherehani akagonga kuuliza kuna msiba gani. Nikamwambia sina msiba, ninapendwa. Kisha nikakaa kwenye kompyuta, nikaandika maelekezo ambayo kivinjari kile cha zamani peke yake ndicho kingeyafuata. Wateja wote wanaona ukurasa ulionyooka. Kwenye simu moja tu, kule Masoko, nimeuharibu upya kwa mikono yangu, kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kutengeneza kitu chochote.